Kandambili za Kijani

Nawaandikia kina mama wenzangu mlio na watoto wanaopenda sinema za vita na za enzi za wahamiaji. Msinicheke. Sinema haina meno. Wenye meno ni wale wanaokaa kuitazama.

Hapa kwetu kando ya mto Platte, njia ya wale wahamiaji wa zamani waliokwenda magharibi, Jumapili baada ya kanisa wanaume hawarudi nyumbani kulala. Wanakwenda kwenye banda la Delmar Hoagland, wanafunga milango ili mwanga usiingie, na wanatazama kanda. Wanaitwa chama cha historia. Hoagland ndiye mwenyekiti, lakini ukimwita mwenyekiti hageuki. Anataka Kapteni.

Katikati ya banda kuna nguzo, na kwenye nguzo imefungwa kengele ya ng'ombe yenye kamba. Mtu yeyote akiona kosa kwenye filamu anavuta kamba. Kosa ni kitu ambacho hakikuwepo mwaka ule: kifungo cha koti, bunduki ya vita vya baadaye, mkate uliokatwa kwa mashine. Kengele ikilia Hoagland anasimamisha kanda, na aliyevuta anasimama kujitetea. Akishinda, filamu inapigwa mstari wa chaki kwenye ubao. Akishindwa, Jumapili ijayo yeye ndiye anayelisha chama kizima mikate ya kabichi na nyama. Mwisho wa mwaka filamu yenye mistari michache kuliko zote inaandikwa jina kwa rangi nyeupe juu ya mlango. Nimeona watu wazima, waliowazika baba zao bila chozi, wakilia kwa sababu filamu waipendayo imepigwa mstari.

Mume wangu Laddie alikuwa wa farasi. Kazi yake ilikuwa kukagua hatamu na lijamu.

"Hiyo hatamu ni ya mwaka 1870!"

"Ya sabini babu yako! Ni ya sitini na nne hiyo."

"Laddie, kaa chini. Wewe hata tukikuwekea filamu ya manowari utatafuta farasi."

Binti yetu Twyla alianza kwenda na baba yake akiwa na miaka kumi. Alipokuwa na minne aliugua homa ya uti wa mgongo. Mungu alituachia mtoto, akachukua masikio. La kulia lilikufa kabisa, la kushoto lilisikia kidogo kwa ile mashine inayokaa nyuma ya sikio. Shuleni walimwita Ukuta. Unaongea nao, haukujibu.

Kwenye banda la Hoagland hakuna aliyemwita Ukuta. Maneno ya sinema hakuyapata, kwa hiyo wenzake waliposikiliza, yeye alitazama. Alikuwa anaona vitu mpaka unaogopa. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa amevuta kamba mara nyingi kuliko baba yake, na hakuwahi kulisha chama hata siku moja. Nilimwona akirudi nyumbani uso unawaka, nikajiambia basi, mtoto amepata watu wake. Sikujiuliza ni watu gani.

Hoagland naye alikuwa na filamu yake, ya ngome na askari wa mpakani. Ilipigwa alipokuwa kijana, na yeye mwenyewe yumo, askari wa nne kwenye mstari, anapita mbele ya kamera kwa muda wa kuhesabu mpaka sita. Miaka kumi na miwili mfululizo filamu ile haikuwa na mstari hata mmoja. Ilipowekwa, watu walivua kofia.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa ukame, mwaka 1988, Twyla alivuta kamba katikati ya filamu ile. Nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka kahawa.

Hoagland akasimamisha kanda. "Umeigusa kwa bahati mbaya, binti?"

"Hapana, Kapteni. Rudisha nyuma kidogo. Hapo! Askari wa nne. Mkono wa kushoto."

"Huyo ni mimi."

"Najua. Jua limekuunguza mkono wote isipokuwa hapo. Kuna mstari mweupe. Ni alama ya saa ya mkono. Askari wa wakati ule hawakuvaa saa za mkono."

Watu walisogea mbele wakainama kwenye kioo cha televisheni. Mzee Orville Tesar, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, alicheka mpaka meno yake ya bandia yakamwangukia mapajani.

"Delmar! Saa uliiacha nyumbani, mkanda wake ukakufuata vitani!"

Hoagland alikwenda ubaoni mwenyewe. Alichora mstari ule polepole, kama mtu anayejikwaruza ngozi yake. Kisha akageuka anatabasamu. "Binti ana macho. Sheria ni sheria."

Tangu siku hiyo hakupita mahali bila kuulizwa saa. Dukani, kwenye ghala la nafaka, hata mlangoni pa kanisa. "Kapteni, saa ngapi sasa?" Na yeye anacheka pamoja nao. Nikamwambia Laddie ndani ya gari, "Yule mtu hakupenda."

"Wewe Verna kila kamba unaona nyoka."

Mwezi wa nne ikaja barua. Kampuni moja ya filamu ilikuwa inakuja majira ya kupukutika majani kupiga sinema ya wahamiaji wanaovuka mto na magari yao ya farasi. Walitaka watu arobaini wenye nguo zao wenyewe na wanaojua kazi. Kila chama kitume kanda ya onyesho lake la kiangazi, kanda isiyokatwa popote, mwanzo mpaka mwisho, ili waone kama watu wanaweza kutembea nusu saa nzima bila kosa.

Twyla alinikuta jikoni nasukuma unga. Akasimama mahali ambapo angeona midomo yangu.

"Mama, mwanamke kwenye filamu ya wahamiaji hasemi kitu. Anatembea kando ya gari, vumbi linampiga, basi. Hakuna atakayeniuliza hili nikamjibu lile. Hiyo kazi ni yangu. Nikiikosa hiyo hakuna nyingine."

"Farasi, Twyla."

"Baba ndiye atakayeendesha. Tafadhali, mama."

Nikakubali kwa sharti moja: mashine haitoki sikioni. Wanawake wa zamani walivaa kofia za kitambaa zinazofunika masikio, na kofia ile niliishona mimi, nikaitia bitana mbili upande wa kushoto ili mashine ifichike. Nilishona vizuri. Mpaka leo najua idadi ya mishono.

Naye akaniomba jambo lake. "Na wewe uvae, mama. Lile gauni la bibi na viatu vya ngozi. Watazamaji wa karibu na kamba ya kuzungushia kambi wanaweza kuonekana kwenye kanda."

"Miguu yangu inavimba."

"Siku moja tu, mama."

"Bibi yako alizaliwa kwenye nyumba ya udongo ukingoni mwa mto huu huu. Siku aliyoipenda kuliko zote maishani ni ile aliyoletewa bomba la maji. Mimi siwezi kuuvaa umaskini wake kwa mchezo."

Alinitazama tu miguuni.

Onyesho, kambi ya siku mbili kwenye kivuko cha mto, lilikuwa mwezi wa saba. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki saba, mahindi yameungua ncha, na ardhi ya kivukoni ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Walikuwa wamefanya mazoezi Ijumaa yote. Magari manne yanateremka kuelekea mtoni, wanawake wanatembea pembeni mbele kidogo ya farasi, wanaume wanapiga bunduki zenye baruti tupu, na pale pale magari yanapinda kuingia majini, Laddie anapiga kelele "Pisheni!" na wanawake wanaruka kando. Twyla alisikia kelele ile kila mara. Mashine ilikuwa sikioni.

Jumamosi asubuhi Hoagland akasimama kwenye kamba ya kuingilia, na kasha la bati mkononi. Kila anayeingia kambini anakaguliwa. Anafunua pindo kutafuta uzi wa nailoni. Ananusa shingo kutafuta sabuni ya dukani. Saa, zipu, peremende, vyote kwenye kasha. Alipofika kwa Mzee Orville akanyoosha kidole.

"Meno."

"Delmar, acha utani. Nitakula nini siku mbili?"

"Uji. Kama babu zako."

Mzee wa watu akayatoa mbele ya kila mtu. Walicheka, naye akacheka na fizi zake. Nilitakiwa kumchukua mwanangu dakika ile. Mtu anayeweza kumvua mzee meno huku watu wanacheka, hana mahali atakapokoma.

Ikafika zamu ya Twyla. Hoagland akamzunguka mara mbili. Hakupata kitu. Gauni safi, kiatu safi, kucha zina udongo kama inavyotakiwa.

"Fungua kofia."

"Delmar," nikasema nikiwa nje ya kamba, "kofia nimeishona mimi, haina kosa."

"Sikukuuliza wewe, Bi Verna. Wewe uko nje, na kandambili zako." Watu wakageuka kunitazama miguu. Nilivaa kandambili za mpira, za kijani. "Fungua, binti."

Twyla akafungua. Hoagland akainama, akaigusa ile mashine kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa mdudu.

"Hii nini?"

"Unajua ni nini," nikasema.

"Mwaka 1852 viziwi walikuwa viziwi." Akalisema taratibu, midomo wazi kabisa, ili Twyla alisome. "Au nakosea? Wewe ndiye mwenye macho. Ungeiona kwenye filamu ya mwingine ungevuta kamba, hungevuta?"

Hata waliokuwa wanacheka wakaacha.

Nikamwita Laddie. Alikuwa anafunga farasi. Nikamwambia, sema neno, ni mwanao. Akaangalia kambi, akaangalia kamera ya video iliyokuwa imeshasimamishwa kwenye miguu yake mitatu, akanisogelea na kusema chini chini: "Verna, usituaibishe. Gari naendesha mwenyewe. Nitamwona."

"Wewe utamwona. Yeye atakusikia?"

Kabla hajanijibu Twyla alikuwa ameshaitoa. Aliiweka ndani ya kasha juu ya saa za watu na meno ya Mzee Orville.

"Ningevuta, Kapteni," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Sheria ni sheria."

Hoagland akamfunga kofia kwa mikono yake mwenyewe. Akampigapiga begani. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, kamba yenyewe ilifika kiunoni tu. Ningeweza kuiruka. Nilifikiri watu watasema nini, nikabaki pale pale.

Onyesho lilianza saa nne asubuhi. Sitaficha: lilikuwa zuri. Magari yaliteremka kwenye vumbi jeupe na Twyla alikuwa mbele ya gari la baba yake, kifua mbele, macho mbali, kama mtu aliyemzika mume njiani jana. Alikuwa ameambiwa asigeuke nyuma, kwa sababu watu wa filamu hawapendi mtu anayegeuka. Hakugeuka.

Bunduki zikalia. Ijumaa walipiga sita. Siku hiyo kila mtu alitaka aonekane, wakapiga labda thelathini kwa mara moja. Farasi jike mwekundu wa upande wa kushoto alirusha kichwa na kuanza kukimbia, mwenzake akamfuata. Laddie akavuta hatamu, akapiga kelele, "Pisheni! Pisheni! Twyla!"

Wanawake wote wakaruka. Mwanangu aliendelea kutembea.

Mzee Orville alikuwa karibu naye kuliko wote. Alimpungia mkono na kufungua kinywa kumwita, lakini vumbi lilikuwa kati yao, na bila meno hata neno lenyewe lilitoka kama upepo. Farasi alimpiga mgongoni. Kisha gurudumu la mbele. Kisha la nyuma.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo mchezo wenyewe. Wengine walisimama. Mimi hapo ndipo nilipoiruka kamba, sasa, baada ya kila kitu, nikakimbia kwenye ardhi ile ngumu mpaka kandambili moja ikachomoka, na nilipofika nilipiga magoti nikamfungua kofia niliyoishona. Alikuwa macho. Alitazama midomo yangu.

Hospitali walikata mguu wa kushoto siku ile ile. Wa kulia walisubiri mpaka Jumanne.

Ijumaa Hoagland akaja na mashine ya sikio ndani ya leso safi. Nilitaka kumtemea mate. Twyla aliinuka kwenye mito alipomwona, nikadhani naye anataka kumtemea mate.

"Kapteni, kanda imetokaje?"

"Vizuri sana, binti. Sijaona nzuri kama ile. Karibu mpaka mwisho."

"Karibu?"

Hoagland akanitazama mimi, halafu akaangalia dirishani. "Utaiona mwenyewe ukitoka. Ni haki yako."

Mashine Twyla hakuivaa. Aliifunga tena ndani ya leso.

Alitoka mwezi wa kumi. Laddie na Mzee Orville walijenga njia ya mbao mlangoni pa banda ili kiti chake cha magurudumu kipande. Laddie alijenga wiki mbili na sidhani kama alisema maneno kumi. Jumapili ya kwanza wakaiweka kanda. Nilikwenda kwa sababu nilitaka niwepo mtu atakapothubutu kusema kitu juu ya mwanangu. Nilikaa nyuma, nimekunja ngumi mapajani.

Hakuna aliyegusa kamba. Magari yakateremka. Dakika ishirini na kitu zikapita. Vifungo sawa, hatamu sawa, bunduki sawa. Twyla kwenye kioo akitembea kwa miguu yake miwili, na Twyla kwenye kiti akijitazama. Bunduki zikalia. Laddie akatoka nje. Nilifumba macho nikasikia makofi, yale yale, yametoka kwenye kanda.

Halafu kengele ikalia.

Nikafumbua macho nikasimama. Naapa mikono yangu ilikuwa tayari kuua mtu. Nikatafuta ni nani.

Kamba ilikuwa mkononi mwa Twyla.

Kanda ilikuwa imesimama. Kwenye kioo niko mimi, mgongo kwa kamera, nimepiga magoti, unyayo mmoja mtupu. Na mbele kabisa, kwenye vumbi, kandambili.

"Za mpira," Twyla akasema. "Kijani."

Twyla akageuza kichwa akiwatazama midomo mmoja mmoja kama vile hakuelewa kwa nini haisogei. "Nimeshinda au sikushinda?"

"Umeshinda, binti," Hoagland akasema. Akachukua chaki, akachora mstari mmoja.

Ndani ya gari nilimwuliza. Nilisimamisha gari kando ya shamba ili anione midomo vizuri. "Nilikuona umelala chini, Twyla. Ningekwenda kwanza kutafuta viatu?"

"Nilikwambia uvae vya ngozi."

"Gurudumu lilikuwa limeshapita juu yako!"

"Watoto wa wahamiaji nao walipitiwa na magurudumu, mama. Mama zao walikimbia. Ingekuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote." Akageukia dirisha, na ukitaka kufunga mazungumzo na kiziwi, au yeye akitaka kuyafunga na wewe, ni hivyo tu.

Kanda haikutumwa. Isiyokatwa ilikuwa na kosa, na iliyokatwa haikukubaliwa. Watu wa filamu walichukua chama cha kaunti ya jirani, na wakapiga sinema yao mwezi wa kumi na moja, maili tisa kutoka kwetu. Siku zile upepo ukivuma upande wetu tulisikia bunduki, yaani mimi na Laddie tulizisikia.

Desemba wakapiga kura ya filamu ya mwaka. Mbili zilikuwa na mstari mmoja mmoja: ya ngome ya Hoagland, na ile kanda. Kura zikagawanyika sawa kwa sawa, maana wapo waliomwonea Twyla huruma. Ikabaki kura yake mwenyewe. Akampa Kapteni.

"Alama ya saa inaonekana kidogo," alieleza. "Kandambili inaonekana sana."

Amemsamehe Hoagland. Kwani alikuwa na nini cha kumsamehe? Alifuata sheria. Amemsamehe baba yake, na yule farasi jike alimpelekea tufaha hadi siku alipouzwa. Ni mimi tu hajanisamehe.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mwanao akianza kukuambia kifungo kile si cha mwaka ule, usifurahi kwamba amekuwa na akili. Tazama ni nani anayempigia makofi. Na ukiona kamba kati yako na yeye, iruke hapo hapo, watu wakiwa bado wanacheka. Ukingoja mpaka kila mtu aone sababu ya kuiruka, umechelewa.

Kila Jumapili bado anakwenda. Wamemweka karibu kabisa na nguzo ili kamba imfikie. Njia ile ya mbao ina mwinuko, peke yake hawezi kuipanda, na baba yake hakanyagi tena pale. Mimi ndiye ninayemsukuma. Kabla sijashika kiti anainama kwanza kutazama miguu yangu.

Navaa viatu vya ngozi.